Uvimbe wa pituitari: miaka mitatu ya kubadilishiwa miwani, upasuaji kupitia puani, na wiki iliyofuata

MwalimuZamu (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa mtoto mmoja, nina miaka 38. Mwaka jana nilifanyiwa upasuaji wa kuondoa uvimbe kwenye tezi ya pituitari, ile tezi ndogo inayoning'inia chini ya ubongo. Uvimbe ulitolewa kupitia puani. Kichwani sikunyolewa hata unywele.

Naandika kwa sababu wiki iliyopita kuna dada aliuliza humu kuhusu hedhi kukata na macho kufifia, na majibu yote aliyopewa yalikuwa ya uzazi wa mpango na presha. Nilisoma nikashindwa kulala. Ndivyo nilivyojibiwa mimi miaka mitatu mfululizo. Uzi ni mrefu, nitauleta kwa vipande, naomba uvumilivu.

Hedhi ilianza kurukaruka nikiwa na miaka 34, kisha ikakata kabisa. Kipimo cha mimba hakuna kitu. Zahanati wakasema ni masalia ya sindano ya uzazi wa mpango niliyoiacha zamani. Kwingine nikaambiwa ni mawazo. Mama mkwe akaniletea dawa za mizizi, na simlaumu, alikuwa ananitakia heri. Uchovu ukaja juu yake: narudi kutoka shule saa tisa, nalala na nguo za kazini mpaka magharibi. Baridi naisikia mimi peke yangu, Dar es Salaam, mwezi wa kwanza.

Halafu macho. Darasa langu lina safu nne za madawati. Watoto wa safu ya ukutani na ya dirishani nikaanza kutowaona. Mtoto ananyoosha mkono, "mwalimu, mwalimu," sauti naisikia lakini mpaka nigeuze shingo nzima ndipo nimwone. Nyumbani nikawa nagonga bega kwenye fremu ya mlango ninaoupita kila siku, bega la kushoto leo, la kulia kesho. Vikombe vilivyo pembeni ya meza navisukuma vinavunjika. Kuvuka barabara ikawa hatari, bodaboda naiona imeshanifikia mguuni.

Kwenye miwani nilienda mara nne. Mara zote nilisoma zile herufi za ukutani vizuri, kwa sababu herufi ziko mbele yangu. Nikabadilishiwa lenzi, nikalipa, nikaondoka.

Aliyegundua ni daktari wa macho, binti mdogo tu, kwenye kliniki ya bei ya kawaida. Alivuta kiti akakaa mbele yangu magoti kwa magoti, akanifunika jicho moja, akasema, "Mama, niangalie puani, usihamishe macho." Kisha akaleta kidole chake kutoka pembeni, anakitikisa taratibu. "Niambie ukikiona." Nilikiona kilipokaribia pua yake. Akahamia jicho la pili, vilevile. Akarudia. Akakaa kimya kidogo, akaniambia, "Macho yako ni mazima, mama. Kuna kitu huko nyuma kinakandamiza nyaya za macho. Usiende tena kwenye miwani. Nenda kapige picha ya kichwa ya MRI wiki hii."

Nitaendelea.

Kibatari88

Pole sana mwalimu. Hicho kipimo cha kidole kinachukua dakika mbili na hakina gharama yoyote. Niko hapa nasubiri.

MamaWawili_Tanga

Nimesoma nikaenda kumwambia dada yangu ajaribu kipimo hicho. Endelea dada.

MwalimuZamu (mleta mada)

Naendelea. MRI ilionyesha uvimbe wa milimita 31. Tezi yenyewe, nzima, ni kama punje ya choroko iliyolowekwa ikavimba, uzito wake kama nusu gramu. Inakaa kwenye kishimo cha mfupa kilicho katikati kabisa ya sakafu ya fuvu, nyuma ya pua. Wakubwa wa zamani walikiona kimekaa kama tandiko la farasi wakakiita tandiko la Kituruki, na jina hilo linatumika mpaka leo. Juu ya tandiko hilo ndipo nyaya za macho mawili zinapokutana. Nyuzi zinazopishana pale katikati ndizo zinazobeba picha za pembeni, zile za upande wa masikio. Uvimbe ukipanda juu unaanza kuzibana hizo, ndiyo maana nilibaki naona katikati tu kama farasi aliyefungwa vifuniko vya macho. Kushoto na kulia kwa tandiko inapita ile mishipa mikubwa ya damu inayotoka shingoni kulisha ubongo. Eneo zima halifiki upana wa kidole gumba.

Hospitali ya kwanza iliyosoma picha yangu ilinipangia kufungua fuvu wiki iliyofuata. Hakuna homoni hata moja iliyopimwa. Sitaji jina la hospitali hiyo, na sisemi kufungua fuvu ni kosa, wapo ambao uvimbe wao umekaa mahali ambapo njia ni hiyo. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyejiuliza uvimbe ni wa aina gani.

Mume wangu akasema tusikubali mpaka tusikie mtu wa pili. Tukaelekezwa kwenye hospitali yenye kliniki ya pamoja. Hapo ndipo nilipoona kitu kipya. Chumba kimoja, meza moja: daktari bingwa wa upasuaji wa ubongo, daktari wa homoni, daktari wa pua, koo na masikio, na msoma picha za mionzi. Ripoti ya daktari wa macho ilikuwa mezani pia. Picha yangu iko ukutani, wanabishana mbele yangu, na mimi nimekaa pale.

Yule wa upasuaji alikuwa tayari kunipangia tarehe. Daktari wa homoni, mama mtu mzima, akainua mkono akasema, "Prolaktini yake iko wapi?" Haikuwepo. Akasema hakuna mtu atakayeshika kisu kabla ya namba hiyo.

Sababu yake naomba muishike vizuri, maana ndiyo iliyonifanya nianzishe uzi huu. Kuna uvimbe wa pituitari unaotengeneza prolaktini, homoni ya maziwa. Huo, hata ukiwa mkubwa, kwa kawaida unatibiwa kwanza kwa vidonge, na mara nyingi unanywea wenyewe. Ukimkata mtu wa namna hiyo bila kupima, huenda umemkata bure.

Yangu ikarudi 74, na mwisho wa kawaida kwa mwanamke ni kama 25. Mimi nikafurahi, nikadhani nitapona kwa vidonge. Akanikalisha akanieleza kwamba uvimbe wa milimita 31 ungekuwa wa prolaktini, namba ingekuwa mamia au maelfu. Huu wangu hautengenezi chochote, umebana tu kikonyo cha tezi, na kikonyo ndicho kinachopitisha breki ya prolaktini kutoka ubongoni. Breki ikikatika kidogo, namba inapanda kidogo. Hata hivyo hakuridhika. Akasema prolaktini ikizidi sana, mashine inaweza kudanganyika ikatoa namba ndogo. Akaagiza damu izimuliwe mara mia moja ipimwe upya. Ikaja ileile. Hapo ndipo akamgeukia mwenzake wa upasuaji akasema, "Sasa ni wako. Lakini kwanza nimpe kortizoli."

Kortizoli ni homoni inayoushika mwili wakati wa ugonjwa na shida, na yangu ya asubuhi ilikuwa chini sana. Homoni ya tezi ya shingo nayo chini. Akanianzishia haidrokotisoni kwanza, dawa inayoziba pengo la kortizoli, siku kadhaa baadaye ndipo akaongeza dawa ya tezi ya shingo. Alisisitiza mpangilio huo. Ukianza na ya shingo wakati kortizoli haipo, mwili unachomwa mafuta haraka na injini haina oili, mtu anaweza kuanguka.

Siku ya tatu ya haidrokotisoni nilipika, nikafua, nikasahihisha madaftari yote. Uvimbe ulikuwa bado umo kichwani.

Neema_wa_Ilemela

Dada mwalimu, mimi ni shahidi wa hayo ya prolaktini. Maziwa yalikuwa yanatoka na sijawahi kuzaa. Nguo zinalowana kanisani, watu wananitazama, wengine wakasema nimetoa mimba. Ndoa ilitikisika. Prolaktini yangu ilikuwa zaidi ya 1,000, uvimbe milimita 14. Nilipewa kabegolini, dawa ya kushusha prolaktini, nusu kidonge mara mbili kwa wiki, siyo kwa siku, kwa wiki. Mwanzoni nilikuwa nasikia kizunguzungu na kichefuchefu, nikaambiwa nimeze wakati wa kulala na chakula. Miezi mitatu hedhi ikarudi. MRI ya mwaka ikaonyesha uvimbe umepungua zaidi ya nusu. Sijakatwa popote. Sasa nina ujauzito wa miezi mitano, daktari alinisimamishia dawa nilipopata mimba na ananifuatilia macho kila baada ya muda.

MwalimuZamu (mleta mada)

Neema, hongera sana mdogo wangu. Umenitoa machozi. Kichwa kikiuma ghafla au macho yakibadilika kabla ya kujifungua usisubiri tarehe ya kliniki, rudi siku hiyohiyo.

Mzee_wa_Kariakoo

Mwalimu, samahani kwa kuuliza. Hapa nchini huu upasuaji wa puani upo, au ni mpaka India?

MwalimuZamu (mleta mada)

Upo, mzee wangu. Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, watu wanasikia mifupa wanadhani ni kuvunjika miguu tu, lakini ndiko kwenye upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu, na huu wa kupitia puani wanaufanya. Majirani zetu Kenya wanafanya hospitali ya Kenyatta, Nairobi. Ikibidi mionzi baada ya upasuaji, taasisi ya saratani ya Ocean Road iko palepale Dar. Mimi yangu sitaitaja kwa jina kwa sababu sitaki uzi ugeuke tangazo. Swali la kuuliza popote utakapokwenda ni hili: daktari wa homoni wa hapa ni nani, na nitamwona lini baada ya kutoka wodini? Wakikutazama kama hujaeleweka, tafuta kwingine.

Theatre_Mombasa

Mwalimu, pole na ahsante. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, nimesimama kwenye kesi hizi zaidi ya nilizoweza kuhesabu. Niwape kidogo historia maana watu hudhani njia ya puani ni mambo ya juzi.

Wa kwanza kufika kwenye pituitari kupitia puani alikuwa daktari wa upasuaji Hermann Schloffer, Innsbruck, Austria, mwaka 1907. Harvey Cushing, daktari wa upasuaji wa ubongo kule Marekani, akaichukua njia hiyo, akaifanya kwa wagonjwa 231 kati ya 1910 na 1925. Kisha akaiacha, akarudi kufungua fuvu. Mwangaza ulikuwa hafifu, unachungulia shimoni huoni unachokishika, na kwa juu angeweza kuzifikia nyaya za macho vizuri zaidi. Jina lake lilikuwa kubwa mno, kwa hivyo alipoiacha yeye, karibu wote wakaiacha.

Ni wachache tu hawakuiacha. Mmoja wao, Norman Dott, Mskoti, alikuwa amejifunza kwa Cushing, akarudi Edinburgh akaendelea nayo kimyakimya, akatengeneza na kifaa chenye taa ndani ili aone. Gérard Guiot, daktari Mfaransa, akaenda kumwona, akaipeleka Paris. Jules Hardy akajifunza kwa Guiot, akaipeleka Montreal, Kanada, na miaka ya 1960 akaweka darubini ya upasuaji. Hapo ndipo iliporudi duniani. Kamera nyembamba ya kuingia puani, tunayotumia sasa, ilishika kasi miaka ya 1990, Pittsburgh, Marekani, wakiwa mbele. Kwa hivyo ukiona ile kamera kwenye skrini, jua kuna miaka zaidi ya thelathini ambayo njia hii ilikaa mikononi mwa watu wachache sana. Huwa nalifikiria hilo ninapopanga vyombo.

Kibatari88

Hii ya Dott sikuijua kabisa. Ahsante sista.

MwalimuZamu (mleta mada)

Sista wa Mombasa, Mungu akubariki. Sasa siku yenyewe.

Jioni ya kuamkia upasuaji daktari wa upasuaji alikuja kitandani, akachukua bahasha ya MRI, akageuza nyuma akanichorea kwa kalamu ya wino. Pua. Ukuta wa katikati ya pua. Nyuma yake chumba cha hewa ndani ya mfupa. Nyuma ya chumba hicho ukuta mwembamba, "kama ganda la yai," ndipo tandiko. Akachora vidoti viwili kushoto na kulia, akavizungushia duara. "Hii ndiyo mishipa ya damu. Mimi nafanya kazi katikati ya hivi." Bahasha ninayo mpaka leo, imo kabatini pamoja na vyeti.

Walikuwa wawili wanaofanya kazi kwa pamoja. Wa pua anafungua njia na kushika kamera, wa ubongo anafanya kazi kwa mikono miwili, tundu zote mbili za pua zinatumika. Uvimbe wangu ulikuwa laini, unakwanguliwa na kunyonywa. Mwisho wanaziba: walichukua kipande cha mafuta kutoka pajani, juu yake wakafunika kwa ngozi laini ya ndani ya pua, wanaigeuza ikiwa bado imeshikwa na mshipa wake wa damu ili isife. Nina kovu la sentimita tatu pajani, ndilo kovu pekee.

Niliamka chumba cha uangalizi maalumu, pua imezibwa, napumua kwa mdomo, midomo imekauka kama karatasi. Muuguzi wa zamu alikuwa ananilowanisha kwa pamba. Kila saa anakuja na tochi, "vidole vingapi?" Usiku, sijui saa ngapi, nilimwambia, "Dada, chupa yako ya dripu imekwisha." Akasimama. Chupa ilikuwa upande wangu wa kushoto, nyuma kidogo ya bega, na mimi nilikuwa nimelala nikitazama dari. Sikuwa nimegeuza kichwa.

Alikwenda kumwita daktari wa zamu. Mimi nikalia mpaka wakanikataza, kwa sababu kulia kunapandisha presha puani.

MamaWawili_Tanga

Nimelia na mimi mwalimu.

MwalimuZamu (mleta mada)

Kipande hiki ndicho ninachotaka kila mtu mwenye ndugu wa ugonjwa huu akihifadhi.

Siku ya pili nilianza kukojoa maji. Meupe kabisa, kama ya bombani. Muuguzi alikuwa anapima kila mara kwenye jagi la plastiki lenye mistari, anaandika saa na kiasi. Ndani ya saa 24 ilifika lita 7. Kiu yake siwezi kuieleza. Sehemu ya nyuma ya tezi ndiyo inayotoa homoni ya kuzuia maji yasipotee kwenye mkojo, na ikiguswa huzimia kwa muda. Nikapewa desmopresini, dawa inayoshika nafasi ya homoni hiyo, siku ya nne ikakaa sawa, siku ya tano nikaruhusiwa.

Nyumbani kila aliyekuja kunijulia hali alisema kunywa maji mengi, utoe dawa za usingizi mwilini. Shangazi alileta madafu kwa mafungu. Nikanywa. Siku ya saba kichwa kikaanza kuuma na kichefuchefu. Siku ya nane asubuhi nilimwita mwanangu kwa jina la mdogo wangu, nikasisitiza. Mume wangu akadhani malaria. Akachukua karatasi ya ruhusa kutafuta namba ya simu ya wodi, akaona mstari ulioandikwa kwa mkono chini kabisa: "Sodiamu siku ya 7." Hakuna aliyetueleza mstari huo. Karatasi tulipewa pamoja na nguo na mfuko wa dawa, tukatia saini tukaondoka.

Sodiamu, yaani chumvi ya damu, yangu ilikuwa 117. Ya kawaida ni 135 hadi 145.

Tezi iliyozimia inapoamka, au inapochoka, hutapika homoni yake yote iliyohifadhi kwa mkupuo. Maji yanabaki mwilini, chumvi ya damu inazimuliwa, ubongo unavimba. Hutokea kati ya siku ya nne hadi ya kumi, wakati mtu yuko nyumbani anapongezwa. Na mimi nilikuwa najimiminia madafu juu yake. Nililazwa siku nne, maji ya kunywa yakapimwa kwa kikombe, nikawekewa dripu ya chumvi nzito kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu sodiamu ikipandishwa kwa pupa inaharibu ubongo kwa namna nyingine.

Upasuaji wenyewe ulichukua kama saa tatu. Huo niliuvuka salama. Kilichokaribia kuniua ni mstari mmoja wa kalamu ambao hakuna aliyeusoma kwa sauti. Kwa hiyo kama ndugu yako anatoka wodini baada ya upasuaji huu, usiondoke kabla hujaandikiwa tarehe ya kupima sodiamu na kuambiwa anywe maji kiasi gani kwa siku. Muulize muuguzi, muulize daktari wa zamu, uliza tena.

Theatre_Mombasa

Naunga mkono kila neno. Hospitali nyingi zenye kitengo kamili cha pituitari sasa humpa mgonjwa kiwango cha maji kwa wiki nzima ya kwanza na kumrudisha kupima damu. Kazi yetu sisi wauguzi ni kuisoma ile karatasi pamoja na familia, mstari kwa mstari.

Juma_Kigamboni

Mwalimu nisaidie haraka. Baba mdogo amefanyiwa huu upasuaji wiki mbili zilizopita. Tangu jana akiinama kuvaa viatu matone yanadondoka puani, meupe, anasema yana ladha ya chumvi kooni. Yeye anasema ni mafua.

MwalimuZamu (mleta mada)

Juma, mrudisheni hospitali leo, siyo kesho. Hayo yanaweza kuwa maji ya ubongo, kiraka kimeachia. Njia ikiwa wazi, vijidudu vya puani vinapanda na anapata homa ya uti wa mgongo. Asipenge, asiinue kitu, asijikamue chooni, akipiga chafya aachie mdomo wazi. Alale kichwa kimeinuliwa mkiwa njiani. Kama kinadondoka, kingeni kwenye kichupa safi mwende nacho, maabara inaweza kukitambua.

Juma_Kigamboni

Tunatoka sasa.

BintSaid_Muscat

Assalam alaykum. Mimi ni Mzanzibari, nipo Oman, natumia haidrokotisoni mwaka wa sita baada ya upasuaji. Ramadhani inakuja na najua wapo watakaoificha dawa ili wafunge. Naomba msifanye hivyo. Mwaka wa kwanza nilifunga kimya kimya, siku ya tisa nilianguka bafuni presha haisomeki. Mkienda kwa daktari mapema, wapo wanaobadilishiwa prednisoloni, dawa ya jamii hiyohiyo, wakati wa daku, na wapo wanaoambiwa wasifunge kabisa, hasa wenye tatizo la mkojo mwingi wanaotumia desmopresini. Sheikh wangu alinisomea aya ya mgonjwa, nalipa fidia na moyo wangu umetulia.

MwalimuZamu (mleta mada)

Wa alaykum salaam dada yangu. Niongeze kwa wote wenye kutumia haidrokotisoni. Mimi nameza miligramu 10 nikiamka, 5 mchana, 5 alasiri, ila dozi ya kila mtu anaipanga daktari wake. Mwili wenye afya ukipata homa unajiongezea kortizoli wenyewe, wetu hauwezi. Kwa hiyo malaria, homa, jino kung'olewa, kuumia kidogo, dozi inaongezwa mara mbili kama tulivyofundishwa. Ukitapika na kidonge hakikai tumboni, ni sindano ya miligramu 100, na hospitali mara moja. Mimi nimeandika kwenye kadi ngumu, nimeilaminisha, iko nyuma ya kitambulisho changu: "Natumia haidrokotisoni. Nikikutwa sijitambui nichomwe sindano ya haidrokotisoni miligramu 100." Mwalimu mkuu ana nakala, na dada wa mapokezi ya zahanati yetu ana nakala.

Lulu_Birmingham

Huku Uingereza kadi hiyo ilianza kutolewa nchi nzima mwaka 2020, na hospitali zenye kitengo cha pituitari hukutana kujadili picha za wagonjwa meza moja kama ulivyoeleza. Wazo lako la kulaminisha nampelekea mama Morogoro leo.

Nyanda_za_Juu

Wakuu, mama yangu hajawahi kuwa na uvimbe lakini dalili zinafanana. Alipomzaa mdogo wetu wa mwisho alitokwa damu nyingi sana, akaongezewa chupa nne. Maziwa hayakutoka, mdogo wetu akalelewa kwa maziwa ya ng'ombe. Hedhi haikurudi tena. Baridi, uchovu, nywele za kwapani zimeisha. Kila akipata malaria anazimia.

MwalimuZamu (mleta mada)

Nyanda, mpeleke bi mkubwa kwa daktari wa homoni na umsimulie kwa mpangilio huohuo, damu, maziwa, hedhi. Kwenye foleni ya kliniki nilikaa na mama mmoja wa hivyo. Tezi hukua wakati wa ujauzito na inahitaji damu nyingi, mtu akivuja sana wakati wa kujifungua tezi inaweza kufa. Inaitwa ugonjwa wa Sheehan, daktari wa Uingereza aliyeuandika mwaka 1937. Hapo hakuna upasuaji, ni vidonge. Yule mama alikuwa amekaa nao miaka 17.

Fundi_Mdogo

Mwalimu na sista, kaka yangu ni fundi ujenzi, miaka 41. Viatu vimetoka namba 42 hadi 45. Pete ya ndoa tuliikata kwa msumeno. Meno ya chini yameachana, anakoroma mpaka anakata pumzi, sukari imepanda mwaka huu. Mtaani wanasema amenenepa kwa hela za site. Inaweza kuwa mambo haya?

Theatre_Mombasa

Inaweza, na usisubiri. Huenda ni homoni ya ukuaji iliyozidi, inayotoka kwenye uvimbe wa tezi hii. Apimwe IGF-1 kwenye damu, kipimo kinachoonyesha homoni hiyo imezidi. Ikiwa juu, kwa kawaida hunyweshwa glukosi gramu 75 na kupimwa homoni ya ukuaji kwa saa mbili, mtu wa kawaida hushuka, wao hawashuki. Kisha MRI. Na hili la kukoroma mwambieni daktari wa dawa za usingizi wa upasuaji mapema, kabla ya siku ya upasuaji. Ulimi na koo huwa vimekua, kumwekea mpira wa kupumulia kunataka maandalizi.

MwalimuZamu (mleta mada)

Na bebeni picha zake za zamani, za harusi, ya kitambulisho, ya miaka kumi nyuma. Sisi tunaomwona kila siku hatuoni uso ukibadilika. Daktari akiziweka kando kwa kando anaona. Kama alishapiga MRI popote, chukueni na CD yake, karatasi ya majibu peke yake haitoshi mezani.

Juma_Kigamboni

Wakuu, baba mdogo amelazwa. Kichupa kimepelekwa maabara, wamethibitisha ni maji ya ubongo. Wameweka mrija mgongoni wa kupunguza presha, na kesho asubuhi anarudishwa kuzibwa upya. Homa hana.

MwalimuZamu (mleta mada)

Alhamdulillah, mmewahi. Akitoka, Juma, soma ile karatasi ya ruhusa yote, mpaka chini.

Fundi_Mdogo

Kaka amekubali. Tumepata ya harusi na ya kitambulisho cha mpiga kura. Kliniki ni Jumatano.